Zamu ya Kumfungia Mmarekani

Jumamosi moja ya mwezi wa nane, mwaka niliotimiza miaka kumi na miwili, tulimpoteza dada yangu Esperansi. Alifia katika kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, akiwa na miaka ishirini na sita, mume, na mtoto wa kike ambaye hata miaka miwili hakuwa ametimiza. Moyo wake ulichoka. Amerika kulikuwa na hospitali iliyokwisha kuandikiwa habari za moyo huo, na kulikuwa na ndege, na ndege ilikuwa na tarehe. Hakuipanda kwa sababu sisi, watu wake, tulimwambia asubiri.

Nimeliandika mwanzoni kabisa ili nisipate nafasi ya kulizungusha huko mbele.

Leo jirani anapika mawese. Anayeijua Rumonge, mji wetu wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, anaijua harufu hiyo: ngazi, yaani matunda ya mchikichi, zinachemka kwenye pipa tangu alfajiri, moshi mzito unaingia kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye nywele, mpaka kwenye daftari la shule. Wengine wakiisikia wanasema wamefika nyumbani. Kwangu ni harufu ya njaa, na si njaa ya kukosa chakula. Ni njaa ya kupangiwa, iliyoandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani kanisani.

Ili mnielewe lazima niwaeleze baba yangu, Zakaria. Alikimbilia Tanzania akiwa kijana na akarudi Burundi akiwa na mvi, na sisi tuliozaliwa kambini tukarudi naye kwenye nchi tuliyoijua kwa kusimuliwa. Esperansi hakurudi. Alikuwa ameolewa na Mkongomani wa kambi nyingine, kijana mpole aitwaye Bahati, kutoka ng'ambo ya ziwa upande wa Fizi. Alibaki kwa mumewe.

Huku Kizuka, kijiji chetu nje ya Rumonge, baba alikuta michikichi ya babu yangu ina mtu mwingine, ambaye naye alikuwa amezeeka akiivuna na alikuwa na karatasi zake. Ofisi moja ilimtuma kwenye ofisi nyingine. Aliambiwa njoo Jumatatu, akaja Jumatatu nyingi. Mwishowe alipewa kipande cha shamba chenye michikichi iliyokwisha kuchoka kuzaa, tukahamia mjini, nyumba ya vyumba viwili karibu na mtaa wa Waswahili. Baba hakupiga kelele. Ila watu wa karibu walikuwa wamemchosha kuwaamini, akabaki na imani nyingi isiyokuwa na pa kukaa. Hilo nimelielewa nikiwa mtu mzima. Wakati ule niliona tu kwamba anakwenda kanisani siku nne kwa wiki.

Kanisa letu lilikuwa la mabati, na mchungaji wetu nitamwita Onesimo. Alikuwa na sauti nzuri na simu kubwa. Jumapili moja, baada ya sadaka, alituita mbele kwa mafungu, wazee kwanza, kisha akina mama, kisha sisi watoto, tutazame video kwenye simu hiyo. Kulikuwa na chumba chenye zulia, na Wazungu waliovaa suti wamemzunguka Mzungu mwenzao, wamemwekea mikono kichwani na mabegani wanamwombea. Yule mtu alikuwa amefumba macho.

"Huyu ndiye anataka kuwa rais wa Amerika," alisema Mchungaji Onesimo. "Muangalie. Tajiri, mukubwa, lakini ameinama. Mungu amenionyesha: huyu ndiye atafungua milango."

Kanisa zima lilisema amina. Nusu ya nyumba zetu zilikuwa na mtu kambini Tanzania anayengoja kwenda Amerika, kwa hiyo neno milango halikuhitaji kufafanuliwa. Mgombea wa pili naye alikuwa anasali, niliambiwa baadaye, na alikuwa na kanisa lake tangu utotoni. Lakini video yake hatukuonyeshwa, na hakuna aliyeuliza.

Ndipo ikapangwa zamu. Picha ya yule mgombea ilichapishwa kwenye duka la fotokopi karibu na soko, ikawekwa ndani ya plastiki, ikaviringishwa kwenye kitambaa cheupe, ikawa inazunguka. Kila siku ililala nyumba moja. Nyumba iliyoipokea ilifunga kula na kunywa, wakubwa kwa wadogo, mpaka jua lizame. Saa sita mchana watu wa nyumba hiyo waliizunguka ile picha mezani, wakaiwekea mikono kama walivyofanya wale Wazungu wa kwenye simu, wakaomba ashinde. Jioni mtoto mkubwa wa nyumba aliipeleka nyumba inayofuata. Kwetu mtoto mkubwa aliyebaki nilikuwa mimi.

Jioni ya siku ya zamu yetu niliibeba mikononi kama anayebeba mayai, nikakutana na Mama Zubeda. Alikuwa jirani yetu, Mwislamu, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, mwenye ulimi wa kukata kuni. Alinisimamisha, akakifunua kitambaa. Wino wa mashine ulikuwa umezidi siku waliyochapisha, na yule Mmarekani alitoka mweusi kutushinda sote.

"Ya Rabi! Odeta, huyu ni Mmarekani ama ni mutu wa Kizuka?"

"Ni mgombea, mama. Tunamfungia."

"Munamfungia?" Aliita wenzake watatu waje waone. "Sisi tunafunga mwezi mzima kwa ajili ya Mungu. Nyinyi munafunga kwa ajili ya mutu anayekula mara nne kwa siku! Na yeye anajua kama uko na njaa, mutoto wangu?"

Wale wanawake walicheka mpaka beseni la ndagala likaegama. Nilikasirika, nikakimbia. Niliifikisha picha, nikarudi nyumbani nikamsemea kwa baba, na baba akasema tumwombee Mama Zubeda pia, haelewi. Leo ningetoa chochote ili nirudi pale barabarani nimjibu swali lake. Hapana, mama. Hajui. Hajui kama nina njaa, hajui kama nipo.

Mchana wa siku hiyo hiyo nilikuwa nimetenda dhambi. Ilikuwa kama saa tisa. Nyuma ya nyumba majirani wengine walikuwa wanapika mawese, na mama wa pale aliniita, akanipa kipande cha muhogo uliochemshwa amekichovya kwenye mafuta mapya, yenye povu bado. Hakujua habari ya zamu. Nilikitia mdomoni chote. Nilikimeza bila kutafuna vizuri, nikajifuta kwa majani ya mgomba, nikarudi ndani kuketi karibu na picha. Kikumbukeni kipande hicho, kwa sababu nilikibeba miaka saba.

Kulikuwa na sababu nyumba yetu kufunga kwa bidii kuliko nyingine. Faili la Bahati na Esperansi lilikuwa limekamilika. Walikwisha kuhojiwa, walikwisha kufundishwa namna ya kutumia jiko la umeme na choo cha kukalia, na walikwisha kupimwa na madaktari. Ni katika kupimwa huko ndipo ilijulikana kwamba mlango mmoja wa moyo wa dada yangu haufungi sawasawa, kwa sababu ya homa aliyougua udogoni akatibiwa nusu. Kambini hawakuwa na la kufanya zaidi ya vidonge. Waliandika kwenye karatasi zake kwamba akifika Amerika apelekwe kwa daktari wa moyo bila kukawia. Tarehe ya ndege ilikuwa mwezi wa kumi. Uchaguzi wa kule ulikuwa mwezi wa kumi na moja.

Sasa sikilizeni akili ya watu wanaotafuta kuamini. Mchungaji Onesimo alimwambia baba kwamba ameona katika maombi familia yetu yote ikishuka kwenye ndege moja. Yote, si watatu. Na kwamba wanaokwenda sasa wanakwenda chini ya serikali inayoondoka, wakati mtu wa Mungu yuko mlangoni, atakayekusanya baba na wana. Baba alilala na jambo hilo usiku mmoja tu. Asubuhi alinituma ninunue vocha ya simu, akampigia mkwewe, simu ikiwa kwenye spika ili na sisi tusikie.

Alimwambia: rudini ofisini, mseme mnaye baba, mama na mdogo wenu wa kike, tuandikwe pamoja. Tutavuka tuje kambini. Ngojeni huyu mpya aingie.

Bahati alikuwa kijana wa heshima, na kumkatalia baba mkwe kwake ilikuwa kama kumvua nguo.

"Baba, batu ya ofisi balituambia mubele ya bote. Ukitaja mutu mupya, faili inarudia nyuma. Banaanza kuiangalia upya. Inaweza kumaliza mwaka."

"Faili ya Mungu hairudi nyuma, mwanangu."

"Na Espe, baba? Ile moyo?"

"Moyo iko mikononi mwa Mungu. Ameutunza miaka ishirini na tano, atashindwa miezi mitatu?"

Mama alikuwa anachambua maharage, na hakuinua kichwa. Kisha dada yangu aliichukua simu kutoka kwa mumewe, akasema: "Nipeni Odeta."

Baba alinisogezea simu. Esperansi ndiye aliyenibeba mgongoni kambini mama alipokwenda kutafuta kuni, kwa hiyo sauti yake niliijua kabla ya kuyajua maneno. Aliniuliza: "Odeta, wewe unaonaje? Niende ama nisubiri?"

Nikasema: "Subiri, dada. Na mimi nataka kupanda ndege."

Alicheka, na kicheko kikamkata pumzi, akakohoa. Akasema: "Haya basi. Nitakuwekea kiti cha dirishani."

Yule mgombea alishinda. Habari zilitufikia asubuhi ya Jumatano, na kanisani ngoma zilipigwa kabla hata ya wavuvi kumaliza kupanga samaki. Watu waliojenga kwa udongo walirukaruka kwa sababu mtu wa mbali amepata nyumba nyeupe. Baba alilia hadharani, na mimi niliona fahari. Mchungaji alisema mbingu zimetujibu. Mama Zubeda alipita na beseni lake, akamwambia mama: "Hongera, Mama Espe. Sasa mutu wenu amepata kazi. Na Espe je?"

Mwezi wa kwanza Bahati alipiga simu, akasema neno moja, akalirudia: "Bamefunga. Baba, bamefunga." Rais mpya alikuwa ametia sahihi, wakimbizi wasimame kwanza. Watu waliokuwa na tiketi mkononi walirudishwa kutoka njiani. Majirani zao walioondoka mwezi wa kumi, kwenye ndege ileile ambayo dada yangu aliambiwa asiipande, walikuwa wanatuma picha wakiwa kwenye theluji.

Baba alimwendea mchungaji. Mchungaji alisema Mungu anajaribu imani yetu, tungoje siku mia na kitu. Tulingoja. Milango ilipofunguliwa nusu, faili lao lilikuwa chini ya rundo, na vipimo vya afya vilikuwa vimepitwa na wakati, na majina yetu sisi watatu yalikuwa bado yanachunguzwa. Miguu ya dada yangu ilikuwa imeanza kuvimba. Mwezi wa nane akafa, asubuhi, akimnyonyesha mtoto wake, Neema.

Baba alikwenda peke yake, kwa gari mpaka Nyanza-Lac, kisha Kabonga, kisha mpakani. Alifika wameshamzika. Alirudi siku ya tano amebeba mfuko mmoja, na ndani kulikuwa na koti. Koti zito la bluu lenye manyoya kwenye kofia, la mtumba, ambalo Esperansi alilinunua sokoni kambini baada ya kufundishwa kwamba Amerika kuna baridi. Baba aliliweka mapajani mwa mama. Rumonge siku ile ilikuwa joto la kuunguza mabati. Mama, ambaye alikuwa hajasema kitu juu ya safari ile tangu ile simu ya kwanza, karibu mwaka mzima, alilinyanyua akamrudishia.

"Baba Espe, livae wewe."

Na alilivaa. Alikaa nalo uani mpaka jioni, jasho linamtoka, na hakuna aliyethubutu kumwambia alivue.

Siku ya kumaliza matanga Mchungaji Onesimo alikuja kutufariji. Nilidhani ataomba radhi, maana hata mtoto anaomba radhi akivunja sahani ya watu. Alisimama mbele ya wafiwa, akasema: "Wapendwa, Mungu alitupa mutu wake, hilo mumeona kwa macho. Lakini mufungo wetu ulikuwa na ufa. Kuna nyumba moja, katika siku yake, mutu alikula."

Hakuniangalia. Hakujua. Aliirusha tu kauli hiyo, kama anayerusha jiwe kwenye majani akitumaini kuna nyoka. Na mimi nilikuwa kwenye majani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na pale pale nilijua kwamba nimemuua dada yangu kwa kipande cha muhogo.

Sitaki kuieleza sana miaka saba iliyofuata. Nilikuwa sili muhogo. Nilifunga Jumatano na Ijumaa mpaka nikaanguka darasani, na shule ikaniponyoka kidogo kidogo, ikaishia darasa la tisa. Nilimwambia mtu mmoja tu, Mama Zubeda, siku moja nikimsaidia kuanika ndagala. Alinisikiliza bila mzaha, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kisha akatupa ungo chini.

"Muhogo! Mutu muzima amesimama kwenye matanga anamubebesha mutoto muhogo! Odeta, yule mutu wao si alishinda? Kama muhogo wako ulivunja mufungo, alishindaje?"

Lilikuwa swali rahisi hivyo. Hakuna mtu yeyote katika kanisa lile, pamoja na mimi, aliyewahi kujiuliza. Nilikaa chini kwenye mchanga, na kilichonijia hakikuwa nafuu. Kilikuwa hasira, na ipo mpaka leo ninapoandika.

Simkasirikii yule Mmarekani kama mnavyodhani. Alisema wazi, kwa lugha yake, na kwa sauti kubwa, atakachofanya. Angetokea mtu mmoja tu wa kutafsiri kilichosemwa, badala ya kutuonyesha macho yaliyofumbwa, tungejua. Hakutuahidi kitu. Waliomchagua walimpigia kura, na sisi tusiokuwa na kura tulimpigia magoti. Namkasirikia aliyetuonyesha mtu akisali na kusema sala hiyo ni dhamana. Tangu lini? Waliomzuia baba kwenye shamba lake nao walikuwa wanasali. Namkasirikia mchungaji aliyeikuta imani ya mzee mmoja haina pa kukaa, akaiweka juu ya picha ya fotokopi.

Na nayakasirikia maneno yangu mawili. Si muhogo. Subiri, dada. Nilichelewa sana kuelewa kwa nini aliniomba mimi kwenye simu. Alikuwa ameshamsikia baba, na mume alishindwa kumpinga, na mama alikuwa kimya. Alikuwa anatafuta mtu mmoja wa kumwambia nenda. Alitafuta mpaka kwa mtoto.

Uchaguzi wa Amerika ulikuja tena, na mwingine tena. Huu wa mwisho, yule yule akigombea tena, picha yake haikuzunguka kwenye kitambaa. Ilitumwa kwenye simu, yenye rangi nzuri, na orodha ya zamu ikatumwa chini yake. Niliona jina la baba. Nilimkuta uani anaponda mboga kwa ajili ya mama, ambaye mikono inamuuma siku hizi, nikamsemesha bila salamu.

"Baba, unamfungia nani tena?"

Aliendelea kuponda.

"Ni wewe uliyemwambia asubiri. Ni wewe na mimi."

Aliweka mchi chini. "Si wewe," alisema. "Wewe ulikuwa mutoto. Ni mimi. Najua tangu siku ile nilivaa lile koti. Lakini Odeta, nikisema leo kwamba yule mchungaji hakuona kitu, basi nilimzuia mutoto wangu bure. Angalau niache nimalizie maisha na kitu cha kushika."

Nilikuwa nimekuja na hasira ya kumtosha mtu mwongo, na hakuwa mwongo. Nilichukua mchi nikaendelea kuponda.

Siku chache kabla ya zamu yake Bahati alipiga. Hakuoa tena, na faili lake lilikuwa limezunguka miaka yote hiyo. Sasa alikuwa na tarehe, yeye na Neema, ambaye ana miaka tisa na anasoma Kiingereza cha kambini. Nilimpa baba simu kwenye spika.

"Ndege iko lini?" baba aliuliza.

"Alhamisi hii, baba. Lakini Neema anauliza kama mutakuja kumuaga. Tunaweza kuomba basogeze, wiki mbili tu."

Mama alitoka ndani, akasimama mlangoni. Baba aliishika simu kwa mikono yote miwili.

"Bahati, unisikilize. Musiombe kitu. Musitungoje sisi. Musingoje uchaguzi, musingoje neno la mutu, hata kama ni mimi nitakupigia kesho. Iko ndege, pandeni."

"Baba, na kama—"

"Pandeni."

Alinirudishia simu, akaingia ndani. Siku ya zamu yake alifunga, kutoka alfajiri mpaka jua lilipozama; sikumwuliza alimfungia nani, na hakusema. Alhamisi ile Bahati na Neema walipanda.